Pazia la Dirisha la Tano

Saa nne asubuhi, Jumatatu ya pili ya Machi, Winifred Tapsell alishuka ngazi arobaini na moja akiwa na vipande viwili vya uzi mkononi, kwenda kuangalia upi mweusi na upi wa bluu. Alikuwa akishuka hivyo kila siku kwa miaka kumi na moja, kwa sababu chumba chake hakikuwa na dirisha, na taa ya umeme, kama fundi yeyote wa mapazia atakavyokwambia, ni mwongo mkubwa likija suala la bluu. Alifungua mlango wa mbele, akatoka nje, akakuta watu wamepanga foleni.

Foleni ilianzia chini ya vidato vya mlango, ikaambaa na uzio wa chuma mpaka karibu na duka la mikate. Mbele walikuwa wanawake kumi na mmoja waliovaa aproni. Nguo za wa kwanza ziliburura chini. Sketi ya wa kumi na mmoja iliishia magotini. Wote kumi na mmoja walikuwa wamekufa. Nyuma yao walisimama watu sita wa Haverstoke walio hai, akiwemo Bwana Dunnet, tarishi mstaafu, na kikapu chake cha magurudumu.

"Foleni ya nini hii?" Winifred akamuuliza.

"Sijui, dada," akasema Bwana Dunnet. "Lakini inaonekana ya maana. Mimi nimefika saa mbili."

Ndivyo tulivyo hapa Haverstoke, na sijui nani alituroga. Mtu wetu akiona migongo mitatu imefuatana, anasimama nyuma ya mgongo wa tatu kwanza, maswali baadaye. Mimi mwenyewe nilisimama kwenye foleni ile Jumatano nzima, na nilikuwa nimetumwa dawa ya kikohozi.

Winifred akaenda mbele. Mwanamke wa kwanza alikuwa na mabega mapana na mikono iliyobabuka kwa magadi ya kufulia. Aliitwa Keziah Hobley, na alifanya kazi katika nyumba ile tangu mwaka 1776 mpaka alipokufa kwa kifua miaka saba baadaye.

"Habari za asubuhi, bibi," akasema, akiinama kidogo, maana alimwona Winifred akitokea mlango wa mbele.

"Mimi si bibi wa mtu. Nimepanga chumba cha juu kabisa, kile cha kona."

Keziah akanyooka, akamtazama upya. "Kile cha giza?"

"Hicho hicho."

"Pole, mwenzangu," akasema Keziah. "Sote hapa tulilala mle. Mwanga haukuwahi kuingia hata siku moja. Sasa kama haukuingia, si uko nje? Tumeufuata."

Winifred aliona ni maelezo yanayoeleweka.

Sasa inabidi niieleze nyumba yenyewe, maana balaa lote limetokana na sura yake. Aliijenga Ambrose Lytcott, mfanyabiashara wa vitambaa, mwaka 1774, enzi zile wafalme wa Uingereza walipokuwa ni George baada ya George, na kila mwenye uwezo anataka nyumba iliyonyooka. Ni ya matofali mekundu ya kuchoma, moja refu moja fupi, moja refu moja fupi, mpaka juu, na chokaa katikati yake ni nyembamba hata kucha haipiti. Mlango uko katikati, na juu yake kioo cha nusu duara. Chini madirisha mawili kushoto na mawili kulia. Ghorofa ya kati madirisha matano. Ghorofa ya juu matano. Ukiikunja nyumba ile kama shuka, kushoto kunalalia kulia bila kuzidi hata kidole. Huko nyuma, ambako wageni hawafiki, Lytcott alitumia matofali yaliyobakibaki, ya rangi tatu, na ukuta umebetuka. Hilo halikumnyima usingizi.

Lakini wakati huo kulikuwa na kodi ya madirisha, nyumba yenye mengi ikitozwa zaidi. Lytcott alipohesabu ya kwake, akaona moja la kupunguza: la tano la ghorofa ya juu, kwenye kona ya kulia, la chumba cha mjakazi. Kuacha ukuta mtupu hakuweza, uso wa nyumba ungekuwa na pengo. Kwa hiyo aliweka fremu ya dirisha, akaweka juu yake upinde wa matofali yaliyosuguliwa kama wenzake, kisha akaziba ndani ya fremu kwa matofali na kumwita mchoraji achore vioo vyeusi na vijiti vyeupe. Mchoraji naye, kwa bidii isiyoombwa, akaongeza pazia lililovutwa nusu. Pazia hilo lilimkera Winifred kupita kiasi. Upande mmoja lina marinda manne, upande wa pili matano, na hakuna kitambaa duniani kinachoning'inia vile.

Basi watu hupita Mtaa wa Kondoo, husimama, huinua vichwa na kusema, tazama madirisha yalivyolingana. Na nyuma ya lile la tano watu wamelala gizani miaka mia mbili na hamsini. Vyumba vingine vinne vya ghorofa ile vina madirisha ya kweli, lakini hapangishwi mtu. Mwenye nyumba amehifadhi viti mle, na anasema viti vikikosa hewa vinapinda.

Mwezi wa Februari daktari wa macho alikuwa amemweleza Winifred, bila kuzungukazunguka, kwamba katikati ya macho yake panakufa. Pembeni patabaki kidogo, lakini ikifika Krismasi hataweza kutunga uzi kwenye sindano. Kwa hiyo alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kukaa kwenye meza yake, chumbani kwake, mchana, ashone kwa mwanga wa jua kabla macho hayajamwisha. Hakuomba ukumbi wala bustani. Aliomba dirisha, na fremu yake ilikuwepo tayari, imekaa bure.

"Na mimi nimo kwenye foleni hii?" akamuuliza Keziah.

"Umo. Wewe ni wa kumi na mbili. Nafasi yako ni baada ya Ivy pale, mwenye sketi fupi."

Winifred akatazama. Baada ya Ivy alikuwepo Bwana Dunnet, na nyuma ya Bwana Dunnet wakati huo wamefika watu tisa.

"Lakini hawa hawakulala mle."

"Najua," akasema Keziah. "Ila wamekutangulia."

Hilo halikuwa na ubishi. Winifred alisonya kimoyomoyo, akaenda mwisho, akasimama nyuma ya mama mmoja mwenye mbwa.

Saa sita Bwana Crispin Ottaway, mwenye nyumba, alitoka na kikombe cha chai. Anaishi ghorofa mbili za chini. Ni mtu mwema sana kwa maneno. Katika miaka yote hiyo hajawahi kumjibu Winifred vibaya wala kumfanyia lolote.

"Winnie mpenzi," akasema, "foleni imenyooka vizuri kweli. Ila huyu wa mbele asogee kulia kidogo, inchi tatu hivi. Anaukata mlango."

Keziah akasogea inchi tatu. Alikuwa mzoefu wa kusogezwa.

"Bwana Ottaway, hawa wamefuata dirisha," akasema Winifred. "Lile lile ninalokuomba kila mwaka."

"Dirisha si lipo? Tena katika yote kumi na manne ndilo linalonipendeza zaidi."

"Halipitishi mwanga."

"Ndiyo maana limedumu. Haya ya kweli yananitia wazimu, mbao zinaoza, vioo vinapasuka. Lile halijawahi kunisumbua hata siku moja." Akanywa chai. "Ingekuwa ni mimi tu, mpenzi, ningelifungua leo. Lakini nyumba imeandikishwa kuwa ya urithi, haiguswi bila kibali. Waulize halmashauri."

Halmashauri walikwisha kuulizwa. Halmashauri husema ombi lazima lianzie kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba husema anasubiri kusikia halmashauri wanalionaje. Mama wa watu amepigwa danadana miaka kumi na moja, huku kila mmoja akimfungulia mlango na kumwambia karibu tena.

Siku ya tatu mwanga ukaanza kuonekana. Ulikuwa umerundikana mbele ya dirisha la tano, mnene kama godoro, umeegemea matofali yaliyopakwa rangi. Mvua ilinyesha wiki ile yote, mtaa mzima wa kijivu, na kona ile ya nyumba ikawa katikati ya kiangazi cha Julai. Njiwa walihama. Mama wa duka la mikate alileta vyungu vyake vya kotmiri akavipanga chini yake, vikaota mpaka akaanza kugawa bure. Chumbani haukuingia hata chembe. Winifred alipoweka kiganja kwenye ukuta wa ndani, aliukuta una joto kama birika la chai lililofunikwa. Akasogeza meza yake, akawa anashona chini ya taa, bega lake limeegemea ukuta. Kati yake na mwanga wake kulikuwa na unene wa tofali moja na nusu.

Alhamisi akaja Bi. Frayne, afisa wa majengo ya kale, na futi ya kupimia na ngazi. Hakushangaa, kazi hiyo ameifanya miaka mingi. Alipima fremu, akapima mwanga, akakuta unazidi fremu kwa nusu mita. Kisha, akisema foleni ndefu hivi inahesabika kuwa ombi, akagawa fomu kwenye foleni, na kwa haki kabisa akaanza na aliyekuwa wa kwanza.

"Anwani?"

"Hapo juu," akasema Keziah.

"Ya sasa."

"Nyuma ya kanisa, ukutani, penye majani yanayowasha."

"Jiwe la kaburi lina jina?"

"Hakuna jiwe."

Bi. Frayne akaandika kwamba mwombaji hana anwani ya kudumu. Aliandika kwa mwandiko mzuri na kwa upole mwingi. Alipomfikia Winifred alimshika mkono.

"Mimi nakuelewa kabisa, Bi. Tapsell. Ila uniambie, nitafanyaje? Dirisha la bandia lililokamilika hivi ni nadra. Haya ya kweli yamejaa kila mahali."

"Chumbani kwangu hayajajaa."

"Ombi hili ni la uso wa nyumba," akasema Bi. Frayne. "Chumba chako nakitakia kila la heri."

Tangazo la njano likafungwa kwenye nguzo ya taa: mwenye maoni ayatoe katika siku ishirini na moja. Yakaja maoni sabini na sita. Sitini na manne yalipinga dirisha kufunguliwa. Kumi na mawili yaliunga mkono, na kati ya hayo kumi na moja yakawekwa kando kwa kuwa waliotoa hawamo kwenye daftari la wapiga kura. Winifred alikwenda kuyasoma kwa lenzi kwenye ofisi za halmashauri, na la kumi na tisa katika yaliyopinga lilikuwa na jina analolijua.

"Bwana Dunnet," akamwambia aliporudi, "umeweka sahihi kupinga dirisha langu?"

"La hapo juu? Ee, niliweka. Karatasi ililetwa hapa hapa kwenye foleni. Wakaniuliza kama napenda nyumba ibaki ilivyo. Sasa nani atasema hapendi?"

"Foleni hii uliyosimama ndiyo ya kulifungua."

"Basi si mngesema mapema."

"Unaweza kutoka sasa."

"Wiki tano nimesimama, dada," akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana ameumia. "Nitoke, halafu nafasi yangu apewe nani?"

Winifred alirudi mwisho wa foleni, na njiani akahesabu migongo thelathini na minne.

Kamati ya halmashauri ikaketi Mei. Ilikataa. Ikasema dirisha la tano ni kazi kamilifu ya wakati wake na uso wa nyumba hauwezi kueleweka bila hilo. Ikaongeza kwamba inasikitishwa na uharibifu unaofanywa na mwanga, kwani rangi ya vioo imeanza kupauka na marinda mawili ya pazia la kuchorwa yamefutika kabisa. Kwa hiyo rangi irudishiwe, na mwenye nyumba atundike nje ya dirisha hilo pazia zito la turubai, lenye bitana, la kuzuia mwanga usiifikie.

Bwana Ottaway alipanda ngazi zote arobaini na moja kwa mara ya kwanza tangu ampangishe Winifred. Alifika akihema, amekumbatia robota la turubai, akasimama mlangoni akiangaza macho.

"Mna giza humu," akasema.

"Ndiyo."

"Winnie mpenzi, nani mwingine mji huu mwenye mkono kama wako?" Akaweka robota mezani, juu ya kazi aliyokuwa akishona. "Sikulazimishi. Yuko binti mmoja wa Thornby, naye anashona vizuri. Anatafuta na chumba pia."

Winifred akalishika turubai, akalipima unene kwa vidole. Alikuwa na hasira mpaka masikio yaliwaka moto. Alikuwa pia na miaka sitini na minane, na hakuwa na pengine pa kwenda.

"Unataka marinda mangapi?" akauliza.

"Yalingane tu," akasema Bwana Ottaway.

Alilishonea barabarani. Alishusha kigoda cha kukunja, akakiacha kwenye nafasi yake ya foleni kimshikie, na waliokuwa mbele yake, watu wasiokuwa na roho mbaya kabisa, walimpisha kila asubuhi apeleke kitambaa chini ya kona penye mwanga, mradi nafasi yenyewe ibaki pale pale. Wiki tatu alikaa mwangani mle, na sijawahi kumwona mtu akishona vile. Aliona kila uzi wa turubai. Aliona bluu ilivyo, akacheka peke yake. Ivy alimshikia pindo, Keziah akawa anaacha nafasi yake kidogo na kuja kutazama, kwani hakuna aliyethubutu kuichukua nafasi hiyo.

"Unashona vizuri mno," akasema Keziah. "Lishone vibaya basi. Liachie tundu."

"Siwezi."

"Najua," akasema Keziah. "Hata mimi nilikuwa nafua vizuri."

Pazia likatundikwa katikati ya Juni. Lilikuwa na marinda matano kila upande, na upepo ukivuma halikukunjika. Mwanga ulijaribu pembeni siku mbili tatu, kisha ukarudi nyuma ukasimama juu ya mtaa. Ukuta wa chumba ulikuwa umepoa kufikia Jumamosi.

Jumapili Bwana Ottaway alivuka barabara aione nyumba yake, akaweka mkono mdomoni. Dirisha moja lina pazia kwa nje, kumi na matatu hayana. Uso umelemaa. Hakuweza kula mchana ule. Jioni alipanda tena ngazi arobaini na moja, na safari hii marobota yalikuwa manne, ya safu ya juu kwanza, halafu ataona itakavyopendeza.

Ilipendeza. Baada ya safu ya juu ikafuata ya kati, na baada ya ya kati haikuwezekana kuacha ya chini. Winifred alishona kiangazi chote na vuli yote. Mwanga ulikuwa ungali mtaani, akashona humo, na kila pazia lililotundikwa lilimkuta akiliona kidogo kuliko lililotangulia. La kumi aliuliza rangi ya uzi. La kumi na mbili alipima marinda kwa kidole gumba. La kumi na nne, mwisho wa Novemba, alilishona akiwa amefumba macho, kwa sababu kuyafumbua kulimchanganya. Halikuwa na kosa. Bwana Ottaway sasa anawasha taa saa sita mchana kwenye vyumba vyake vyote, na wageni wanaomtembelea anawaambia ndivyo walivyoishi watu wa zamani. Chama cha wapenda nyumba za kale cha wilaya kiliupa uso ule zawadi ya kwanza. Picha ilitoka gazetini, foleni ikiwa imekatwa isionekane.

Wiki ya pili ya Desemba Winifred alishuka akishikilia mkono wa ngazi, akatoka nje, akaifuata sauti ya Keziah. Katikati ya kila kitu alichotazama palikuwa na doa, na ukingoni mwa doa vipande vya mtaa.

"Mwanga vipi leo?" akauliza.

"Mwingi, mwenzangu. Umefurika mpaka kwa muuza mikate."

Winifred akainua uso, akaugeuza ubavu, kama anavyofanya siku hizi, ili apate kile kipande cha pembeni.

"Njoo usimame hapa mbele yangu," akasema Keziah. "Mimi nina muda. Wewe huna."

Akamshika kiwiko, akamweka mbele, kwenye jiwe la kwanza chini ya vidato. Wale wanawake kumi walisogea nyuma kila mmoja hatua moja. Winifred akakamata uzio kwa mikono miwili. Hakuwahi kuwa wa kwanza katika foleni ile tangu ianze, akasimama pale kama dakika mbili hivi, na uso wake ulikuwa na furaha, niliuona.

Ndipo Bwana Dunnet akakohoa.

"Samahani, dada," akasema, kwa adabu kabisa. "Hapa kuna foleni."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Nilikuwepo siku hiyo, wa hamsini na mbili, na mimi nikatikisa. Nafasi yake ya zamani, kwa vile alikuwa ameiacha, ilikwisha kusogelewa.

Winifred akatuomba radhi. Aliuliza mwisho wa foleni uko upande gani, na mtu mmoja akamwelekeza.